Inchi Saba za Suruali ya Kaka

Mtaa mzima ulimwita Shangazi Fiti, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Mteja akivaa gauni jipya na kujigeuza mbele ya kioo, yeye alirudi nyuma hatua mbili, akashika kiuno, akatamka neno moja tu: "Fiti!" Ukimuuliza habari ya goti lake bovu, fiti. Chai ikikolea sukari, fiti. Cherehani ikitiwa mafuta ikaacha kulia, nayo fiti. Watoto wa kaka yake ndio walioanza kumwita hivyo, majirani wakadakia, na mchora mabango alipokuja kuandika jina la duka, aliandika hilohilo bila kuuliza.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja, kati ya muuza rangi na kinyozi. Cherehani mbili, moja ya miguu na nyingine ya umeme ambayo mwenyewe hakuiamini. Kioo kirefu chenye ufa pembeni. Meza ya kukatia, na kwenye droo ya meza, daftari la vipimo. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake: kifua, kiuno, nyonga, urefu, tarehe. Akirudi baada ya miezi, alipimwa upya na namba mpya ziliandikwa chini ya zile za zamani. Zilikuwemo kurasa za miaka ishirini. Angependa, angeweza kuutangazia mtaa nani alinenepa mwaka gani, na mtaa usingelala.

Lakini hakuthubutu. Mama aliyemfundisha kushona alikuwa amemwachia sheria moja. "Fundi ana macho ya nguo, hana macho ya mwili. Mteja akinenepa, nguo ndiyo imebana. Akikonda, nguo ndiyo imelegea. Ukimwambia vingine, humwoni tena." Shangazi Fiti aliishika sheria hiyo kama amana. Walikuja wanawake wenye mimba ambazo waume zao walikuwa hawajazijua, akawalegezea mshono na kusema kitambaa hiki bwana, kikifuliwa kinarudi. Wateja walimpenda kwa hilo. Siwezi kuitukana sheria iliyomlisha mtu miaka thelathini, ingawa kuna siku natamani kuitukana.

Kaka yake alikuwa mwalimu wa Kiingereza, mkubwa kwake kwa miaka tisa. Shangazi shule aliiacha darasa la sita, na hata namba za kwenye futi alifundishwa na kaka huyo, usiku na mchana, kwa vidole na mbegu za maharage. Tangu hapo hakuwahi kumpinga. Mwalimu akisema mvua itanyesha, Shangazi alianua nguo hata kama jua liko utosini.

Mwalimu alipostaafu alizoea kupita dukani asubuhi na gazeti lake, akakaa kwenye kiti cha wateja. Siku moja alishindwa kuvumilia.

"Hilo neno lako unalitesa," alimwambia. "Wenyewe wanaliandika kwa herufi tatu. Wewe umeliongezea ya nne, halafu unalibebesha mizigo kama punda."

"Si mteja ameelewa? Shida iko wapi, kaka?"

"Shida ni kwamba wewe unajua chumba kimoja, na nyumba ina vyumba vingi." Akachukua chaki ya kukatia na kuanza kuchora mistari mezani, ualimu umempanda. "Nguo iliyomkaa mtu vizuri, hicho ndicho chako. Mtu mwenye afya, anayepanda ngazi bila kuhema, hicho cha pili. Maji yanayofaa kunywewa. Mtu anayestahili cheo. Halafu kuna aliyechoka mpaka yuko karibu kuanguka. Naye wanamsemea neno hilohilo, kwamba yuko fiti kuanguka."

"Wazungu nao! Mtu anaanguka na bado yuko fiti?"

Walicheka mpaka kinyozi akachungulia na wembe mkononi.

"Na wewe je, kaka? Uko chumba gani?"

"Mimi? Cha pili." Akajipiga tumbo kwa fahari. Wakati huo kiuno chake kilikuwa inchi thelathini na nane, na imeandikwa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, alikuja na suruali ya kijivu aliyoshonewa na dada yake siku ya kustaafu.

"Mdogo wangu, hii imelegea. Nipunguzie."

Shangazi akampima. Thelathini na sita. Akaandika, akachukua chaki. "Vitambaa vya siku hizi hutanuka," akasema, kama alivyowaambia wote. "Sikati, nakunja kwa ndani. Siku ukitaka nitafumua."

Mwezi wa sita alirudi na suruali ileile. Thelathini na nne. Hapo mkono wa Shangazi ulisita juu ya daftari. Swali lilimfika kwenye meno: kaka, unaumwa? Akalimeza. Alijisemea kwamba wifi yupo nyumbani, anamwona kila siku mezani. Alijisemea kwamba kaka ni msomi, anasoma magazeti mpaka matangazo ya vifo, hawezi kukosa kujua mwili wake. Mimi wa darasa la sita ni nani wa kumfundisha? Mwalimu akaivaa suruali, akasimama mbele ya kioo kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Fiti?" akauliza.

"Fiti kabisa."

Hakuondoka upesi. Alikaa kwenye kile kiti, akalifungua gazeti na kulifunga, akamuuliza dada yake habari za goti, akamuuliza tena swali hilohilo. Mwishowe akaaga.

Mwezi wa kumi, thelathini na tatu. Mwezi wa kwanza, thelathini na moja. Safari hii ya mwisho Shangazi alitumia nusu siku nzima, maana suruali ukiipunguza sana mshono wa nyuma, mifuko ya nyuma husogeleana mpaka hutaka kusalimiana. Alibandua mifuko yote miwili, akaihamisha, akaipiga pasi, ili mtu yeyote atakayemtazama kaka yake kwa nyuma asigundue kitu. Ilikuwa kazi safi. Aliionea fahari, na fahari hiyo ndiyo inayomchoma mpaka leo kuliko yote.

Mwezi wa nne wifi alipiga simu akilia. Mwalimu alikuwa ameanguka kwenye ngazi za benki na kupelekwa hospitali. Shangazi alifunga duka, akaacha gauni la watu kwenye cherehani na sindano imezama ndani yake.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Akawauliza: "Alianza kupungua lini?"

"Kama miezi miwili hivi," wifi akajibu. "Au mitatu. Siku hizi anapenda mashati mapana, na chakula anasema amekula kwa rafiki zake. Sikujua, daktari. Kweli sikujua."

Kesho yake Shangazi alikuja na daftari amelifunga kwenye mfuko wa plastiki, akamfungulia daktari ukurasa wa kaka yake. Daktari alishusha kidole polepole, mstari kwa mstari.

"Hii ni miezi kumi na minne," akasema. "Nani aliyeandika?"

"Mimi."

Laiti angegombezwa! Daktari hakumgombeza. Aliweka kidole kwenye thelathini na nne. "Angeletwa alipofika hapa, tungekuwa na la kufanya. Sasa hivi ugonjwa umeshasambaa, mama. Tutamsaidia asipate maumivu."

Alasiri hiyo wifi alikwenda kununua maji, wakabaki kaka na dada. Mwalimu alikuwa amelala chali, mikono juu ya shuka, na vidole vyake vilivyozoea chaki vimekuwa vyembamba kama vya mtoto. Shangazi alivuta kiti.

"Kaka, mimi niliona."

"Najua. Si wewe uliyeshika futi?"

"Sasa mbona hukuniambia?"

Mwalimu akakusanya pumzi. "Suruali ya mwanamume ikilegea, anafanya nini?"

"Anakaza mkanda."

"Mimi nyumbani nina mikanda mitatu. Na msumari wa kutobolea tundu ninao."

Shangazi alimtazama bila kuelewa. Kisha akaelewa, na akatamani asielewe.

"Niliogopa kwenda peke yangu," Mwalimu akasema. "Mke wangu nikimwambia atalia, na watoto wataacha kazi zao. Nikasema nitakwenda kwa mdogo wangu. Yeye ana futi. Akinipima ataniuliza, na akiniuliza, tutakwenda wote. Nikaja mara nne."

"Mimi nilikuwa nangoja useme wewe."

"Ndiyo. Tumengojeana." Akampapasa mkono. "Usilie. Ile mifuko ulivyoihamisha, hata mimi nilipotea."

Alilia, tena sana, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani kumpa nafasi.

Mwalimu alikufa wiki ya tatu. Msibani watu walisema wanayosema watu, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Shangazi alikuwa amekaa pembeni ya wifi yake, akaitikia kwa kichwa kama wengine. Hakuna aliyejua kwamba waliokuwa wakificha walikuwa wawili.

Aliporudi dukani, sheria ya mama yule ilikuwa imemfia mkononi. Mteja akipungua inchi mbili, alimwambia waziwazi, na kumuuliza kama amekwenda hospitali. Mmoja alikuwa amejinyima chakula apungue kwa ajili ya harusi, akanuna. Mwingine alitoka na kitambaa chake akisema amekuja kushonewa, hakuja kutibiwa. Kinyozi alimshauri apunguze maswali. Hakupunguza.

Mwezi wa nane kijana mkubwa wa Mwalimu alikuja na ile suruali ya kijivu. Alikuwa amechukua umbo la baba yake, tumbo na yote, na alitaka aivae kazini. Shangazi aliigeuza nje ndani, akashika wembe, akaanza kufumua. Mishono ilikuwa minne, mmoja nyuma ya mwingine, uzi wa kila safari tofauti kidogo na wenzake: wa mwezi wa kwanza, wa kumi, wa sita, wa pili. Kitambaa kilichokuwa kimekunjwa ndani kilikuwa bado cha kijivu kilichokolea, hakijapauka wala kupigwa jua. Inchi saba zote zilikuwepo, hakukata hata moja. Akazirudisha, na mifuko nayo mahali pake.

Kijana akaivaa, akajigeuza mbele ya kioo, mbele na nyuma. Ilimkaa utadhani alipimiwa yeye. Akasubiri neno alilolizoea tangu utotoni, asilisikie.

"Vipi, shangazi? Si fiti?"

Shangazi Fiti alikuwa amesimama hatua mbili nyuma, futi shingoni, akimtazama usoni, machoni, mabegani.

"Suruali tuiache," akasema. "Njoo ukae hapa. Wewe mwenyewe, mwanangu, ukoje?"