Maua ya Wapita Njia

Shemeji yangu mtaani wanamwita Meneja, ingawa hakuwahi kuwa meneja wa kitu chochote. Alitunza stoo ya rangi na misumari miaka thelathini, akastaafu na kitambi na tabia ya kusimama getini mikono nyuma, akingoja kusalimiwa. Debe tupu haliachi kuvuma. Mkewe ni dada yangu mkubwa; sijui alimpendea nini, na nimeshaacha kuuliza.

Alipostaafu akataka bustani. Mwaka huohuo macho ya dada yalianza kufifia, na daktari alishasema yatakwenda yote. Dada akaomba mche mmoja tu, asumini, upandwe chini ya dirisha la chumbani, ili asipoona tena abaki angalau na harufu. Mtu mwenye moyo angeshika jembe siku hiyohiyo.

Tulikwenda wote watatu kwenye kitalu. Muuza miche, mama mmoja mwenye mabuti ya mpira, alimwuliza Meneja maswali ya maana: jua linapiga upande gani, udongo unatuamisha maji? Meneja hakujibu hata moja. Alikuwa akirudi nyuma hatua kumi kwa kila kichaka na kufumba jicho moja, apime kitaonekanaje kutoka barabarani. Akachukua bogenvilia nne na haibiskasi mbili kwa sababu tu zilikuwa zimechanua asubuhi hiyo, kana kwamba zingebaki vile mpaka kiama. Muuza miche akamwonyesha asumini.

"Vidude hivi vyeupe?" akasema Meneja. "Nani ataviona?"

Dada alikuwa palepale, kashika mkono wangu. Nilinyamaza kwa kumsitiri yeye, na mpaka leo najichukia.

Bustani ilipendeza, sikatai. Watu walisifu, Meneja akavimba kichwa. Dada, ambaye sasa anatembea kwa kupapasa, anachokijua cha bustani ile ni miiba ya bogenvilia inayomchana mikono akienda kuanika nguo.

Basi akaanza kwenda kwa jirani, mjane mshona nguo, kila jioni, kiganja kikifuata ukuta. Uani kwa mjane pana asumini moja kuukuu ambayo haijawahi kupogolewa. Dada huweka kiti chini yake, akatulia. Meneja hakuona huruma, aliona aibu: watu watasema nini, mkewe anashinda kwa watu? Jana akamfuata, nami nikiwepo, akamwuliza mbele yetu anatafuta nini kwa jirani na kwake kuna bustani inayosifiwa mtaa mzima.

Dada hakuinua hata uso.

"Ile ni ya wapita njia, baba watoto," alisema taratibu. "Ya kwangu ndiyo hii."

Meneja akaangaza uani, kwenye marundo ya vitambaa na ndoo ya maji, akiitafuta hiyo bustani. Na macho anayo mazima, yote mawili.