Mtutu wa Kati

Mjomba wangu ni mfupi, na bunduki yake ilikuwa ndefu. Alipokuwa na nguvu zake hakuna aliyeona kasoro. Aliingia nayo shambani Kasungami asubuhi, na kanga wa porini walijua nani amefika. Lakini mwaka ule bega lake la kulia likaanza kukakamaa. Akiinua bunduki, ncha ya mtutu ilishuka yenyewe polepole mpaka ikaangalia vidole vyake vya miguu. Mke wake akasema ni bahati huwa haijazi risasi akiwa uani, la sivyo tungepika vidole na majani ya sombe.

Kwetu bunduki ya mwindaji hairithiwi na mtoto wake. Inafuata damu ya mama: inatoka kwa mjomba inakwenda kwa mtoto wa dada yake. Huyo dada yake alikuwa mama yangu, na mama yangu alizaa mtoto mmoja tu, mimi, mwanamke, mwalimu wa hesabu wa mtaa wa Bel-Air mwenye miwani. Wazee wa ukoo walikuja wakakaa, wakanywa munkoyo wetu wa mahindi, kisha wakasema mbele yangu kwamba mtu asiyeweza kuinua bunduki yake si mwindaji tena. Na kwa kuwa hapana mpwa mwanaume, mvua zikianza watarudi kuichukua, wampe binamu mmoja wa Likasi. Huyo binamu hajawahi kuua hata panya. Nilikasirika mpaka nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Mwezi huohuo mjomba aliniomba picha zangu mbili ndogo, zile za pasipoti, akasema ni za daftari la ukoo. Nikampa. Akili yangu yote ilikuwa kwenye bega lake.

Nikapata wazo. Bunduki ile ni ya kukunja katikati, risasi moja tu kwa mara, na mtutu wake unatoka, inaweza kufungiwa mwingine wa kiwanda kilekile. Nikiupata mfupi na mwepesi, mjomba atainua, wazee watakuja wamkute mwindaji, watarudi kwao mikono mitupu. Ila nilijua nikimwambia ukweli atakataa. Mtu mfupi hapendi kuletewa kitu kifupi.

"Mujomba," nikamwambia, "minaipeleka bunduki ku Kamalondo, fundi aisafishe. Kitako kinalegea."

"Peleka, mwipwa. Karatasi yake iko mu kopo ya biskiti."

Alikubali upesi mno. Huyu ni mtu ambaye hata mke wake hakuruhusiwa kuifuta vumbi. Ningekuwa na akili, ningeshangaa hapohapo.

Fundi wa Kamalondo ni mzee wa asili ya Maniema, Mwislamu wa kofia ya kufuma, mwenye karakana ndogo katikati ya washona nguo. Kibali chake cha serikali kimetundikwa ukutani ndani ya kioo. Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu sisi wa hapa mjini, na kahawa yake ya tangawizi inawasha mpaka masikio. Alisoma karatasi ya bunduki mara mbili, akanitazama, akaguna.

"Mtutu hauchaguliwi kwa macho, mama," akasema. "Unachaguliwa kwa mkono."

Akatoa fimbo tatu za mikaratusi, ndefu, ya kati na fupi. Kila moja ilikuwa na kifuko cha mchanga kilichofungwa karibu na ncha, kila kifuko na uzito wa mtutu wake. Kazi yake inakwenda hivi: unaweka fimbo begani kama bunduki, unaishika imenyooka, na yeye anakunywa kikombe kimoja cha kahawa. Ikitetemeka kabla kikombe hakijaisha, mtutu huo si wako. Na ikikaa kwa wepesi mno, ikarukaruka kama haina mwenyewe, huo pia si wako. Mzee huyu hanywi kahawa haraka.

Sasa mimi ni mrefu. Mjomba ananifikia sikioni. Basi nikakunja magoti, nikainamisha mgongo, nikalikaza bega la kulia kama lake, nikashika fimbo ya kwanza. Fundi akaweka kikombe chini.

"Unaumwa?"

"Hapana, baba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Hapa hakuna mvungu. Simama kama Mungu alivyokuumba."

Nikamweleza kwamba bunduki si yangu, ni ya mjomba, bega lake liko hivi na hivi. Akasikiliza yote kwa adabu, kisha akasema kwamba yeye anapima mkono uliokuja dukani. Nikasimama wima. Fimbo ndefu ilinitetemesha kabla ya nusu kikombe. Ile fupi ilinirukaruka mkononi. Ya kati ikakaa. Nilishangaa jinsi ilivyokaa, hata niliacha kuhesabu anavyomeza.

"Wa kati," akasema fundi.

"Mfupi, baba. Nimesema ni wa mzee."

"Wa kati ndio unaokubali mkono."

Tulibishana mpaka washona nguo wakasimamisha cherehani zao wasikilize. Nilimwita kichwa ngumu, akanijazia kahawa. Mwishowe akafunga mtutu wa kati, akaandika namba yake kwenye karatasi zetu, akagonga muhuri. Nikaondoka nimenuna, na njia nzima nilikuwa namtukana kimoyomoyo, yeye na fimbo zake.

Jumapili tukawa Kasungami. Mjomba alitoka nje na koti lake la baridi, akaikunja bunduki kuhakikisha ni tupu, akaugeuza mtutu mpya huku na huku. Hakuuliza umetoka wapi. Akaweka kitako begani, akainua. Mimi na mke wake hatukupumua. Ukapanda, ukanyooka, ukakaa kidogo, kisha ncha ikaanza kushuka, polepole, kama zamani, mpaka vidoleni.

Niliumia sana. Nikaanza kumlaani fundi kwa sauti, kwamba nilimwambia, kwamba nilimwambia mara kumi. Mjomba akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka mke wake akamshika mgongo.

"Usimutukane ule muzee," akasema. "Miye nilimufikia kwanza, mbele yako. Alinipima na tule tufimbo twake. Kale kafupi kalinikubali muzuri."

"Sasa juu ya nini hakuniuzia kafupi?"

"Juu nilimukataza. Nilimwambia, mwipwa wangu atakuja na uongo fulani. Pima mukono yake, hapana yangu."

Akaingia ndani, akatoka na kopo ya biskiti. Chini kabisa, chini ya karatasi zote, kulikuwa na ombi la kibali cha bunduki. Jina langu. Picha yangu na miwani yangu. Yeye alikwisha kutia sahihi pa mwenye kutoa, ilibaki yangu.

Nililia, sifichi. Nilikuwa nimekimbia mji mzima ili abaki mwindaji, na yeye alikuwa akikimbia mbele yangu ili niwe mimi.

Kibali kilichukua muda wake, ofisi hii na ofisi ile. Kilipotoka, mjomba alinifundisha asubuhi kwa asubuhi, yeye nyuma yangu na mfuko wa kubebea kanga begani, kazi niliyomfanyia nilipokuwa mtoto. Mfuko huo ulirudi mtupu mara nyingi sana. Mke wake, ambaye kwa utani wetu wa upwa namwita mukazi wangu, yaani mke wangu, alinipokea kila siku na swali moja: "Bwana, tupike nini, moshi ya bunduki?"

Siku wazee wa ukoo waliporudi, mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku. Walikuta ugali wetu wa bukari mezani, sombe, na kanga mmoja. Wakanawa mikono. Sasa, kwetu mpwa akiua nyama, paja ni la mjomba wake, na mjomba halipokei paja hilo ila kwa mrithi wa bunduki yake. Nikasimama, nikalichukua paja kwa mikono miwili, nikapiga goti, nikampa.

Akalipokea, na wote wanaona. Mkubwa wao akamtazama, akanitazama mimi, akatazama bunduki ukutani. Kisha akaomba aongezewe sombe.

Mjomba akatafuna taratibu. Akaacha kutafuna, akatoa kitu mdomoni kwa vidole viwili, akakifuta kwenye koti na kukiweka kiganjani mwangu. Ilikuwa ni risau moja, punje ya risasi, ndogo, bado ina joto.

"Hii iko yako," akasema, na akaendelea kula.