Futa, Andika Kija

Mama mkwe wangu aliondoka nyumbani kwangu Kiseke, Mwanza, wakati mimi niko kwenye simu, nabembeleza kupunguziwa bili ya intaneti.

Hakuaga. Na aliyemfukuza ni mimi, bila kujua.

Tulieni niwaambie.

Naitwa Kija, fundi cherehani. Mume wangu Victor alifariki mwaka jana. Hatukujaliwa mtoto. Aliniachia mama yake, Mama Akumu, na intaneti ya nyumbani iliyoandikwa jina lake.

Watu walinisema weee! "Mshona nguo, intaneti ya elfu tisini kwa mwezi ya nini? Unamringia nani?"

Hawakujua kitu. Victor alikuwa fundi friji, na alikuwa anarusha video YouTube za kufundisha vijana kazi. Kila saa kumi jioni mama anakaa sebuleni, anafungua simu ya marehemu.

"Karibuni tena, naitwa fundi Victor."

Mama anaitikia, "Asante, baba."

Kila siku. Mpaka video iishe.

Hiyo ndiyo intaneti niliyokuwa naipigania. Ila kazi zilikuwa zimekauka, tisini siiwezi tena. Jirani yangu Wilhelmina akanipa akili.

"Ukiwaomba hawakupi, shoga. Watishie unahama, uone watakavyokuja mbio."

Nikajifungia chumbani kwangu, nikapiga huduma kwa wateja. Akapokea dada mmoja, Dorcas. Nikapandisha sauti.

"Dada, nimechoka. Mimi nahama!"

"Usihame, dada yangu. Punguzo lipo, ila ni la mteja mpya. Mkataba huu ni wa Victor. Yupo hapo?"

"Hayupo. Alishafariki."

"Pole sana. Basi tufute jina lake, tuandike la kwako. Utalipa hamsini na tano."

Hamsini na tano! Moyo ukaruka.

"Futa! Futa, andika Kija!"

Nikacheka kwa nguvu, jamani. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka vile ilikuwa lini. Dorcas akanishikilia kwenye simu karibu saa nzima, anajaza mkataba mpya.

Tulipomaliza, nikakimbilia chumbani kwa mama kumpa habari njema. Kitanda kimetandikwa. Simu ya Victor iko juu ya mto. Begi halipo.

Nikatoka nje mbio. Masele, bodaboda wa pale kona, akaniambia, "Nimemshusha stendi Nyamhongolo sasa hivi. Alikuwa analia, nikajua mmefiwa."

Nilipofika stendi, gari la Shirati, kwao mama, lilishaondoka.

Kesho yake nikapanda la alfajiri. Nikamkuta kwao, anaanika dagaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

Akaniletea kiti, akakifuta kwa kanga, kama vile mimi ni mgeni. Hapo hapo machozi yakanitoka.

"Mama, ulinisikia vibaya! Sihami popote. Ile ilikuwa geresha tu, wapunguze bili, wewe uendelee kumuona Victor."

"Najua."

"Unajua?"

"Mimi mzee, mwanangu, sio mjinga. Hata sokoni unajifanya unaondoka ili upunguziwe."

"Sasa ulikimbia nini?"

Akageuza dagaa kwanza.

"Ulisema futa. Mara mbili. Halafu ukacheka."

Nikaanza kujitetea, akanizuia kwa mkono.

"Sikulaumu," akasema. "Nilivyosikia kile kicheko nikajua umepona. Mimi bado. Nikikaa pale, kila saa kumi nitakuwa nakurudisha msibani. Wewe bado kijana, Kija. Niache nilie kwetu."

Nilimpigia magoti. Nililia kuliko siku ya mazishi. Akalia na yeye, akanishika kichwa, akanipikia ugali. Lakini kurudi Mwanza alikataa katakata, hata simu ya Victor niliyombebea alikataa kuichukua.

Nilipofika nyumbani nikampigia Dorcas.

"Dada, rudisha jina la Victor. Nitalipa tisini, sina neno."

"Samahani, dada. Tukishafuta, mfumo hauturuhusu kumrudisha marehemu."

"Nitalipa laki."

"Hata ulipe milioni, dada yangu."

Ni miezi mitano sasa. Bili inakuja na jina langu, hamsini na tano kamili. Saa kumi nafungua video mwenyewe. Anakaribisha watu, na hakuna wa kumuitikia, kwa sababu mimi nikijaribu sauti haitoki.

Ndugu zangu, kupona si dhambi. Ila mkifiwa pamoja, kila mtu analia kwa spidi yake. Ukitangulia kupona, angalia nani yuko chumba cha pili kabla hujacheka.