Sahani ya Colby

Kila Mei narudi Harlan Springs kupamba makaburi ya kwetu, na kila Mei naondoka nimenuna. Mji umenona, lakini si kwa ajili yetu. Bustani ya matufaha ya babu sasa ni njia ya baiskeli, na vijana waliobanwa na nguo wananipigia kengele niwapishe pale nilipojifunzia kutembea. Nusu ya wakazi wameajiriwa na Kampuni, ile yenye maduka kila kona ya Marekani. Nusu nyingine wamehamia hapa ili waiuzie sabuni, viazi na chakula cha mbwa. Hata kanisani, kabla hujajuliwa hali, unaulizwa unanunua au unauza.

Mama Mkubwa Oleta hakuwa huku wala kule. Yeye ni dada ya mama yangu, na ndiye aliyemlea Colby baada ya mdogo wao Nadine, mama yake Colby, kufariki. Colby alikulia mezani kwake, akisafisha sufuria kwa mkate. Akasoma, akaingia Kampuni, akapewa kazi ya mnunuzi, yaani kuchagua achari za kuuzwa madukani. Mama Mkubwa alitamba nayo mtaa mzima.

Kisha majirani wakamtia maneno. Kampuni inatafuta watengenezaji wadogo wa hapa hapa, wakasema, na achari yako ya nyanya mbichi haina mfano. Akaipeleka Kampuni bila kumwambia Colby, akidhani atamfurahisha. Kumbe amejifunga kamba mwenyewe. Mnunuzi wa Kampuni hapokei kitu kwa muuzaji, hata maji ya kunywa, na mji mzima unalijua hilo. Colby alimwachia mwenzake aiamue achari ile, lakini sheria ilibaki pale pale. Tangu wakati huo akawa anakuja kumtembelea na chupa yake ya maji.

"Huyu nimemfuta kamasi," Mama Mkubwa aliniambia asubuhi ya kupamba, akigeuza kuku katika mafuta. "Leo ananiona namhonga kwa paja la kuku."

Nikamuuliza kwa nini asiiondoe hiyo achari. Akasema ameshaiondoa, juzi, kwa simu. Alitaka kitu kimoja tu: Colby ale chakula chake siku ya kulipamba kaburi la mama yake, kama miaka yote.

Makaburini tulipalilia, tukaweka maua, tukapanga vyakula kwenye meza ndefu chini ya mierezi. Colby alisugua jiwe la Nadine mpaka likang'aa. Kisha akakaa, akatoa mfukoni mkate wake wenye nyama baridi. Mama Mkubwa akamletea sahani iliyojaa kuku, maharage na pai ya matufaha.

"Kula, baba. Achari nimeitoa."

Colby akaitazama ile sahani. "Umeitoa lini, Mama?"

"Juzi."

Colby akaeleza kwamba jina la Mama Mkubwa bado limo kwenye orodha ya wauzaji mpaka ofisi ilifute, labda wiki ijayo. "Nivumilie kidogo tu, Mama."

"Nadine hapambwi wiki ijayo."

Nikamwambia Colby aache ujinga, nani atakayemchongea hapa makaburini? Ajabu ni kwamba Mama Mkubwa ndiye aliyeninyamazisha.

"Mwache. Colby, unalikumbuka tufaha la mzee Pruitt?"

"Nalikumbuka."

Hata mimi nalikumbuka. Colby alilichuma kwa jirani huyo akiwa mdogo, akaling'ata, na Mama Mkubwa akamrudisha nalo akilia. Alimwambia kisicho haki yako hakiliki, hata kama hakuna anayekuona.

"Basi nimekulea mwenyewe hivyo, nimlaumu nani?" alisema. Akaichukua sahani, akaiweka juu ya jiwe la Nadine. "Kula wewe, mdogo wangu. Wewe huna mwajiri."

Watu wakacheka kidogo. Nilingoja Colby anyooshe mkono. Hakuunyoosha. Sisimizi wakaanza kupanda kwenye pai, na mimi nikatamani kumzaba kibao.

Mama Mkubwa akaketi nyasini kando ya Colby. Bila kuomba, akamega mkate wa Colby, akatia kinywani.

"Sheria inakukataza wewe kula changu," alisema akitafuna. "Mimi hainikatazi kula chako."

Colby akamsogezea kipande kilichobaki. Mama Mkubwa akatafuna polepole, akakunja uso.

"Mkate umepooza," akasema. "Ungetaka achari."