Sauti za Vipimo

Kompyuta ya pale dukani ilikuwa imevimbiwa. Kila ikiwashwa inalalamika kwamba nafasi imekwisha, na fundi, mama mshonaji aliyeachiwa duka na marehemu mumewe, anaizima ile kelele na kuendelea na cherehani yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku hiyo ikagoma kabisa kufungua picha za mishono, na mteja mwenyewe kasimama pale anagongagonga meza.

Kilichoijaza alikijua: nakala ya simu ya mumewe. Yule bwana alikuwa mkataji wa nguo, na katika maisha yake hakuwahi kuandika kipimo hata kimoja. Alimzungushia mteja futi ya kupimia, akaisemea simu, na mkewe akasikiliza baadaye huku anashona. "Huyu kiuno ni thelathini na sita. Mwenyewe anadai thelathini na nne, tumwachie furaha yake." Tangu mazishi hakuthubutu kuzifungua zile sauti. Ilimtosha kujua kwamba zimo, kwamba siku akizidiwa atabonyeza na mume ataongea.

Basi akanunua diski ya pembeni, akaichomeka na kuanza kuhamisha. Alinakili kwanza bila kufuta chochote, maana umeme nao haukuwa wa kuaminika. Kazi ilipokwisha akaangalia kama mzigo umefika salama, na hapo roho ikamruka. Tarehe ya sauti ya mwisho ilikuwa ya juzi.

Mumewe alikuwa ardhini tangu msimu wa mvua uliopita. Maiti habonyezi simu, alijiambia. Akavaa vile vidude vya masikioni, akabonyeza sauti ya mwisho.

Kwanza ikasikika cherehani ikienda kwa mbali, cherehani yake mwenyewe. Kisha mtu akashusha pumzi, akaanza kunong'ona. "Mwanangu, mkeo amekonda. Anakula amesimama, anatazama mlango. Nimwambie nini?"

Kimya. Kimya kirefu, cha mtu anayesikiliza. Halafu ile sauti ikasema, "Haya. Nitamwambia."

Alikuwa mama mkwe wake, ambaye wateja wanamwita Bibi Vifungo, na sasa hivi alikuwa ameketi kwenye stuli nyuma yake, anashona vifungo. Ile simu ya marehemu, fundi mwenyewe ndiye aliyempa bibi kwa mkono wake. Bibi akija dukani huichaji kwenye kompyuta, akidai umeme wa humo ni mpole. Wala hakuna aliyejua kwamba kila waya ulipochomekwa, kompyuta ilichukua nakala mpya na kuitupa ya zamani.

Fundi akafungua nyingine, na nyingine. Zote ni bibi na minong'ono yake. Akavua vile vidude.

"Mama, zile sauti za mwanao ziko wapi?"

"Zipi hizo?"

"Za vipimo."

"Aa, hizo nilifuta. Simu ilikuwa imejaa, inanikataza nisiseme." Bibi hakuinua macho kwenye kifungo. "Viuno vya watu vya nini, binti yangu? Wenyewe wameshanenepa."

Fundi alisimama. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba, na kwa dakika ile alimchukia kikongwe yule kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Alitaka kumnyang'anya simu aipige ukutani. Alitaka kumwambia, umemzika mara ya pili, na hii umemzika peke yako, hukuniita hata nikaja kumuaga. Lakini kilichobaki masikioni mwake ni kile kimya kirefu kabla bibi hajaitikia.

Akaketi sakafuni, karibu na miguu ya mama mkwe, katikati ya vipande vya vitambaa.

"Mama," alisema, na sauti yake haikuwa na nguvu tena. "Juzi ulisema utaniambia. Alikuambia nini?"

Bibi akaweka shati chini, akamtazama.

"Alisema ukijua utakasirika. Akasema nikuache ukasirike, nisikukatize, kisha nikupe kitu ule, nawe uwe umeketi."