Ngumi ya Baba

Mimi ni mwalimu wa historia hapa Voi, na ugonjwa wangu ni kufundisha hata pasipo darasa. Siku nilipompeleka mchumba wangu kwetu Werugha, kule mlimani, kumwona Baba, nilimpa somo njiani. Tangu tuanze kupanda mlima alikuwa akifuta viganja kwenye suruali, kwa sababu mikono yake hutoa jasho akiwa na hofu. Nikamweleza kwamba watu wa kale walianza kupeana mikono ili kila mmoja aone mwenzake hana kisu. Mkono wazi ni amani, nikasema, na mkono uliofumbwa ni vita. Ni mambo ya inasemekana tu, sikuwepo, lakini niliyasema kama mtu aliyekuwepo.

Hofu yake ilikuwa na sababu. Babu yake aliletwa Voi na kazi ya reli kutoka magharibi, na Baba alikuwa ameshaniambia kwenye simu kwamba watu wa huko hawajui kusalimia. "Mlete nimsalimie," alisema. "Nikishamsalimia nitakuambia kama ni ndiyo ama ni hapana." Na Baba akisema hapana, nyumba nzima inabadilisha mazungumzo.

Tulimkuta akitoka zizini, viganja vimejaa mavi ya ng'ombe. Alifanya kama afanyavyo kila mkulima huku kwetu: akakunja ngumi, akaiinamisha, akamnyooshea mgeni kifundo cha mkono ashike hapo palipo safi. Hata mtoto wa chekechea anajua. Mchumba wangu naye anajua, kazaliwa Voi, si mwezini. Lakini alipoiona ile ngumi, somo langu likampanda kichwani. Akaishika, akaifungua kidole kimoja kimoja, kisha akakumbatanisha kiganja chake na cha Baba, jasho kwa mavi.

Nilitamani ardhi inimeze. Mama aligeuka akatazama ukuta.

"Kijana," Baba akauliza, "unatafuta nini humo?"

"Shikamoo, mzee. Mwalimu ameniambia mkono ukifumbwa unaweza kuwa na kisu."

"Na kama ningekuwa nacho?"

"Ungenidunga, mzee. Lakini salamu ningekuwa nimeshatoa."

Baba alicheka mpaka akalazimika kuegemea mlango wa zizi, na muda wote huo hakuuachia ule mkono. Alipotulia akaniangalia mimi. "Hiyo ndiyo historia munafundisha watoto wa watu?" 

Mama alileta karai na jagi la maji ya moto. Kwetu mdogo ndiye humnawisha mkubwa, na Baba hajawahi kumnawisha mtu tangu nimjue. Nikanyoosha mkono nichukue jagi, yeye akanitangulia. Akalishika kwa vile vidole vichafu.

"Lete mikono," akamwambia mchumba wangu, akaanza kummiminia yeye kwanza, taratibu, huku akimuuliza kama kwao wanafuga.

Nililia kwa furaha, bila aibu. Lile jibu la ndiyo ama hapana sikulidai tena.