Mahindi ya Cucu Barabarani

Kuna siku moja haijanitoka akilini, mwanangu. Nilikuwa darasa la tano, hapa hapa Sagana, na mtaa wetu ndio kwanza ulikuwa umewekwa lami. Kabla ya lami tulicheza mpira wa kati na kuruka kamba njiani mpaka tuitwe kula. Baada ya lami magari yakaanza kupita kama yanafukuzwa. Jioni moja pikapu ilimkosa mjomba wako Muriuki kwa upana wa kiganja, na dereva hakusimama. Watu wazima walisema nini? Watoto wakae ndani.

Nyanya yangu, Cucu, hakubishana nao. Kesho yake alianika mahindi juu ya lami, akabakisha upenyo mwembamba, akaketi kando kwenye kigoda chake. Pikapu ile ile ikaja. Ikasimama.

"Cucu, toa mahindi. Hii ni barabara ya serikali."

"Jana hapa kulikuwa na mtoto. Mbona hukusimama?"

"Ati nini? Mahindi iko na mwenyewe."

"Na mtoto hana mwenyewe?"

"Mtoto ako na miguu ya kukimbia."

"Na wewe uko na mguu wa kukanyaga breki."

Mama mmoja aliyeuza mboga kando ya njia alicheka mpaka akashika ukuta. Dereva akapita polepole, akikwepa kila punje. Mahindi yalikauka wiki hiyo, lakini Cucu aliendelea kuyaanika kila jioni, nasi tukacheza nyuma yake.

Juzi watu wa serikali wametuletea mchoro wa kupanua barabara. Magari yamepewa njia, yamepewa hata mahali pa kulala. Nikauliza wewe utachezea wapi. Afisa wao mmoja akaniambia, "Mama, chunga mtoto wako." Nimekuchunga tangu tumboni. Ni barabara ambayo haijachungwa.

Kwa hivyo nisikie, mwanangu. Asiyekuwepo na lake halipo. Ukikua, mkutano wa mtaa ukiitwa, nenda, hata kama una mtoto mgongoni. Dai matuta. Dai njia ya miguu, na miti, na mahali pa kuchora mistari ya kuruka. Usiombe kama msaada. Mtaa ni wako pia. Wakikuambia funga mlango, fungua. Wakikataa, anika mahindi. Mimi yangu yako nje sasa hivi, na kigoda ni kile cha Cucu.

Mungu akupe watoto wenye kelele, na njia inayotosha kelele yao. Na kila jioni warudi kwako wachafu, wazima.